Slomo kwa simu na kamera za bei nafuu: maswali tunayoulizwa kila siku Unguja na Pemba

Maswali haya ya slomo, yaani video za mwendo wa pole, nimeyakusanya barazani, kwenye makundi ya WhatsApp ya wapiga picha za harusi, na kwa vijana wanaonisimamisha Forodhani, bustani ya pwani Mji Mkongwe, wakiona nimeshika stendi ya kamera. Nimeyapa namba ili nisirudie jambo moja mara tatu. Nikikwambia tazama swali la 7, lisome kwanza ndipo urudi.

## Mwanzo kabisa

1. Slomo ni nini khasa? Mbona nikipunguza kasi ndani ya programu haifanani na ile ninayoiona kwa wenzangu?

Video ya kawaida huonyesha picha 25 au 30 kwa sekunde, na kila picha moja tunaiita fremu. Slomo ya kweli hurekodi fremu nyingi zaidi ya hizo, kisha huzionyesha kwa mwendo ule ule wa 25 au 30. Ukirekodi fremu 120 ukazionyesha kwa 30, sekunde moja inakuwa nne. Ukirekodi 240, inakuwa nane.

Ukichukua video ya fremu 30 ukaipunguza kasi baadaye, programu haina fremu mpya za kukupa. Inarudia zile zile, na mtu anakwenda kwa kudonoadonoa kama kuku. Kwa hiyo uamuzi wa slomo unafanywa kabla hujabonyeza kitufe chekundu. Zipo programu zinazobuni fremu za katikati, nazo nimezieleza kwenye swali la 16.

Wazo lenyewe la zamani. Padri mmoja wa Austria, August Musger, alisajili mtambo wake wa mwendo wa pole mwaka 1904.

2. Kuna 60, 120, 240 na 960. Nitumie ipi?

Inategemea unachokipiga kina haraka gani. Bibi harusi akigeuka, kanga ikipepea, mzee akitembea uchochoroni na kanzu yake: 60 inatosha, na picha inabaki safi. Ngoma, mpira wa vijana Mnazi Mmoja, ngalawa ikikata wimbi: 120. Maji yanayoruka, mtu anayejitupa baharini, karafuu zinazorushwa juu jamvini: 240. Zaidi ya hapo ni kwa puto la maji linalopasuka na vitu vya namna hiyo.

Kosa ninaloliona kila wiki ni mtu kupiga kila kitu kwa 240 kwa sababu namba ni kubwa. Bwana harusi akitembea sekunde nane kutoka garini mpaka mlangoni, kwa 240 ni zaidi ya dakika nzima ya mguu mmoja kwenda mbele. Mama wa bwana harusi ataivumilia. Wengine wataondoka kwenda kutafuta pilau.

3. Lazima ninunue kamera, au simu yangu inatosha?

Ifungue kwanza uone. Ndani ya programu ya kamera tafuta sehemu ya mwendo wa pole, kisha ingia kwenye mipangilio uone kama kuna 120 au 240. Simu nyingi za kawaida za miaka ya karibuni zina 120. Piga nayo mwezi mzima, mchana, nje. Ukishajua inakushinda wapi ndipo uende swali la 4.

## Kununua

4. Nina pesa kidogo. Nikienda sokoni Darajani niulize nini?

Kwa mtumba, hizi ndizo ninazozijua vizuri.

Simu za iPhone ni rahisi kuzikumbuka kwa miaka: 5s ya 2013 ilileta fremu 120, 6 ya 2014 ikaleta 240 lakini kwa ukubwa wa 720 (hiyo ni idadi ya mistari ya picha toka juu hadi chini), na 8 ya 2017 ikafikisha 240 kwa ukubwa kamili wa 1080. Iphone 8 iliyotunzwa bado ni kifaa cha kazi. Angalia afya ya betri kabla ya kutoa pesa.

Kamera ndogo za GoPro nazo zimejaa, nyingi zimeachwa na wageni wa ufukwe wa Paje. Hero5 Black ina 240 kwa ukubwa wa 720, Hero7 Black ina 240 kwa 1080. Fungua mlango wa betri. Ikiwa betri imevimba na haitoki kwa kidole, rudisha. Nusa pia pale pa kuchomeka waya: kutu ya chumvi ina harufu yake na rangi ya kijanikijani, na kamera iliyokwisha kunywa maji ya bahari haina dawa.

Ukikutana na Sony RX100 IV ya 2015 kwa bei ya kistaarabu, ichukue. Hiyo inafika fremu 1000 kwa sekunde, japo kwa vipande vya sekunde mbili hadi nne tu, na ukubwa wa picha unapungua kadiri unavyopanda.

Kisha kuna kamera za Casio za zamani, ambazo nazipenda kwa moyo na sizipendekezi kwa kazi. Ile EX-F1 ya mwaka 2008 ilikuwa ajabu: fremu 300, 600, hadi 1200 kwa sekunde, wakati wengine wetu tulikuwa bado tunashangaa simu yenye redio. Lakini kwenye 1200 picha yake ni pikseli 336 kwa 96, ukanda mwembamba kama pindo la kanga. Casio waliacha kutengeneza kamera ndogo mwaka 2018, kwa hiyo betri na vipuri ni kubahatisha. Kwa kuchezea, sawa.

5. Simu imeandikwa 960 na bei yake ni ya kutupa. Ni kweli au natapeliwa?

Mara nyingi ni ukweli nusu. Zipo simu zilizofanya 960 ya kweli, kama Sony Xperia XZ Premium ya 2017 na Samsung Galaxy S9 ya 2018, lakini kwa mpigo mfupi sana. S9 hurekodi sekunde 0.2 hivi na kuzinyoosha kuwa sita. Simu nyingine hurekodi 240 au 480, kisha zinajaza mapengo kwa hesabu. Na zipo zinazorekodi 30 tu na kurudia kila fremu.

Jipimie mwenyewe, palepale dukani. Washa feni ya dari kwa kasi ya kati na ubandike kipande cha solotepu nyekundu kwenye panga moja. Piga slomo sekunde tatu, kisha uisogeze fremu moja moja. Feni inayozunguka mara tano kwa sekunde itachukua fremu 48 kumaliza mzunguko mmoja kwa 240. Ile solotepu lazima isogee kidogo kila fremu. Ikisimama fremu mbili, ikaruka, ikasimama tena, umeuziwa fremu za kurudia. Muuza duka mmoja alinitazama kama mwendawazimu nilipopanda juu ya kiti chake, lakini bei ilishuka.

6. Memori kadi ya aina gani?

Yenye alama ya V30 au U3, yaani inayoandika angalau megabaiti 30 kwa sekunde bila kushuka. Kadi ya bei rahisi hushindwa kuandika upesi na kukata video katikati, tena kata yenyewe huja pale pale kwenye jambo ulilolisubiri saa nzima. Na nunua mbili ndogo badala ya moja kubwa. Ikipotea moja hujapoteza harusi yote.

## Mwanga

7. Mbona slomo yangu ni giza na imejaa chenga?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Karibu kila tatizo la slomo nililoletewa, mzizi wake uko hapa.

Kwa fremu 30, kila fremu inaweza kukaa wazi hadi sehemu ya 30 ya sekunde ikinywa mwanga. Kwa 240, ina sehemu ya 240 tu. Mwanga unaoingia umepungua mara nane. Kamera inajitahidi kuziba pengo kwa kupandisha ISO, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga, na hapo ndipo chenga zinapozaliwa. Ukumbi unaouona wewe mweupe kwa macho, kwa slomo ni pango.

Dawa ni kutoka nje. Jua letu kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni linatosha 240 bila wasiwasi. Saa sita mchana linachoma uso na kutia kivuli chini ya macho, kwa hiyo watu wapige asubuhi au alasiri, maji na mchanga wapige wakati wowote. Ukilazimika kuwa ndani, mpeleke mtu mlangoni au dirishani. Milango ya Mji Mkongwe ni mipana, na mwanga unaoingia kupitia pale ukiwa na ukuta mweupe ng'ambo ya uchochoro ni mzuri kuliko taa yoyote niliyowahi kukodi.

Mwanga ukikosekana, teremka. Toka 240 uende 120, toka 120 uende 60. Slomo safi ya mara mbili inashinda slomo ya mara nane yenye chenga.

8. Nimepiga ukumbini, video yote inapepesa kama disko. Kamera imeharibika?

Haijaharibika. Umeme wetu unakwenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za tyubu na LED za bei nafuu huwaka na kufifia mara mbili kwa kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Kamera inayochukua fremu 240 inaona kila kitu: fremu hii taa imewaka, ijayo imefifia.

Nimelipia elimu hii. Harusi moja ya shamba, miaka ya nyuma, nilipiga kuingia kwa bwana harusi kwa 240 chini ya tyubu nane. Kwenye kioo kidogo cha kamera sikuona kitu. Nyumbani, kwenye kompyuta, ukumbi ulikuwa unawaka na kuzima kama una radi ndani. Baba wa bwana harusi aliniuliza kwa upole kama siku ile umeme ulikuwa na hitilafu. Nilimrudishia nusu ya pesa, na nusu nyingine aliniachia kwa huruma.

Njia ya kutoka ni kuilinganisha kamera na umeme. Kwenye kamera nyingi, GoPro mojawapo, kuna chaguo la PAL na NTSC (mifumo ya video, PAL kwa umeme wa 50 na NTSC kwa wa 60), au la kuzuia kupepesa lenye 50 na 60. Chagua PAL au 50. Namba zitabadilika ziwe 25, 50, 100 na 200. Piga kwa 100: kila fremu itapata mpigo mmoja wa taa, na kupepesa kunatulia. Shata, yaani muda ambao kila fremu inakaa wazi, iache kwenye sehemu ya 100 ya sekunde hapo, hata kama kanuni ya swali la 10 inasema vingine.

Simu nyingi hazina 100. Kwa hizo, tumia 50 au 60, au leta taa yako ya LED inayotumia betri. Mkondo wa betri hautetemi, na taa nyingi za namna hiyo zimetulia, ila zipo zinazopepesa ukizifinya mwanga, basi zijaribu kabla. Balbu za zamani za waya wa moto nazo hupepesa kidogo sana kwa sababu waya hauwahi kupoa.

## Kazi yenyewe

9. Kaka, nataka kupiga makachu pale Forodhani. Nianzeje?

Anza na maji. Vijana wa makachu hujitupa baharini kutoka ukutani maji yakiwa yamejaa, kwa hiyo uliza wavuvi au angalia mwezi. Siku ya bamvua, yaani maji makubwa, iliyojaa jioni ndiyo siku yako. Maji yakiwa yamekupwa utakuta watu wanakula miwa tu.

Pili, jua. Pale bahari iko magharibi, kwa hiyo jioni jua liko mbele yako na nyuma ya mrukaji. Una njia mbili. Ukibonyeza anga kwenye kioo cha simu ili mwanga upimwe pale, unapata mwili mweusi uliojikunja juu ya maji ya dhahabu, na hiyo ndiyo picha ambayo kila mtu anaitaka. Ukitaka sura na kicheko, njoo mapema, saa tisa au kumi, usimame pembeni ya ukuta, jua likupige begani.

Tatu, wakati. Kitu kinachoanguka mita tatu kinatumia kama robo tatu ya sekunde. Kwa 240 utapata sekunde sita hivi za kuanguka, zinatosha kabisa. Kwa simu yenye mpigo wa sekunde 0.2, swali la 5, utakosa mara tisa kati ya kumi. Anza kurekodi kijana anapoanza kukimbia, usingoje aruke. Mtazame magoti: yakikunjwa kwa ule mruko wa mwisho, kidole chako kiwe kimeshabonyeza zamani. Na usisimamishe akigusa maji, kwani taji la maji linaloinuka baada yake ndilo zuri kuliko yeye.

Mwisho, zungumza nao kabla. Wale ni wasanii, na wengi wanaishi kwa hilo. Kubalianeni kitu, hata kidogo, na uwatumie video.

10. Shata niiweke ngapi?

Kwa kawaida mara mbili ya fremu: 120 iende na sehemu ya 250 ya sekunde, 240 iende na sehemu ya 500. Mwendo unakuwa laini. Kwa matone ya maji panda hadi 1000 au 2000, kila tone lionekane kama shanga. Simu yako ikiwa haina chaguo hilo, usijisumbue. Juani itajichagulia shata ya haraka yenyewe.

11. Ngoma nikiipiga slomo, sauti inakuwa kama jini linakoroma. Nifanyeje?

Itoe. Weka simu ya pili karibu na wapigaji irekodi sauti ya kawaida, kisha uiweke chini ya picha za pole. Kamera nyingine, zikiwemo zile Casio, hazirekodi sauti kabisa kwenye mwendo huo.

Kwa ngoma ya msewe ya Pemba ninafanya hivi: nusu ya kwanza mwendo wa kawaida na sauti yake, kisha mguu unapopiga chini nakata kwenda slomo, na ngoma inaendelea kwa kasi yake. Weka kamera chini, usawa wa vifundo vya miguu. Vumbi linapanda polepole, misewe iliyofungwa miguuni inafunguka kama feni na kufumba. Kwa macho ya kawaida huyaoni hayo hata ukikaa mstari wa mbele.

12. Ng'ombe wa kuchezwa Pemba, na popo wa Kidike?

Kwa ng'ombe, simama juu, mbali, na utumie zumu. Fremu 120. Huna haja ya kuwa shujaa, na wenyeji hawatafurahi kukubeba.

Popo wa Kidike huruka wakati wa magharibi, wakati mwanga umekwisha. Hapo 240 ni ndoto, piga 60 dhidi ya anga. Ukitaka mabawa yenye maelezo, nenda mchana: wananing'inia mitini wakijipepea kwa bawa moja moja, na mwanga upo. Kwa kima punju wa Jozani, subiri wale wanaotoka mashambani nje ya msitu. Ndani ya msitu ni swali la 7 tupu.

13. Kwenye harusi, upande wa wanawake, slomo inaruhusiwa?

Uliza mwenye shughuli, na uulize wazi: sehemu gani, nani aonekane, video iende wapi. Kwa kawaida upande huo hupigwa na wanawake wenyewe. Slomo inazidisha jambo, kwani upepo uliofunua mtandio kwa kufumba na kufumbua, kwako unakaa sekunde nane. Nikiona kipande cha namna hiyo nakifuta hapo hapo, sisubiri kuambiwa. Kijijini, kabla ya kufungua stendi, pita kwa sheha, kiongozi wa mtaa, umsalimie.

## Baada ya kupiga

14. Nimehamisha video kutoka iPhone kwenda kompyuta, slomo imepotea!

Haijapotea. Simu ile huhifadhi video kwa kasi ya kawaida ikiwa na fremu zote 240, na sehemu ya pole ni maelekezo yaliyoandikwa pembeni. Ukihamisha faili asili kwa waya, maelekezo hayafuatwi na video inacheza kwa kasi ya kawaida. Iingize kwenye programu ya kuhariri, weka mradi wako kwenye fremu 30, kisha kasi asilimia 12.5. Kwa 120, asilimia 25. Mradi ukiwa wa 25, ambao mimi ndio ninaoutumia, 100 inakwenda asilimia 25 na inalala vizuri kabisa.

15. Mbona nikituma WhatsApp inakuwa matope?

Inabanwa. Tuma kama hati, siyo kama video. Maji na mchanga ndivyo vinavyoumia zaidi kwa kubanwa, kwa sababu kila kitu kinasogea.

16. Zile programu zinazobuni fremu za katikati, nizitumie?

Kwa kitu kimoja kinachokwenda mbele ya ukuta au anga tupu, zinafanya kazi nzuri. Kwa maji, nywele, majani ya mnazi na mikono inayopishana zinavuruga, vidole vinayeyuka. Mimi nazitumia kutoka 100 kwenda mara mbili zaidi, basi.

## Mambo ya pembeni

17. Panga za feni, au pangaboi ya boti, zinaonekana zimepinda. Kwa nini?

Kamera hizi husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Kitu cha haraka kinakuwa kimeshasogea kabla mstari wa mwisho haujasomwa. Fremu nyingi hupunguza hali hiyo kidogo, haziiondoi.

18. Upepo wa kusi unatikisa stendi, na chumvi je?

Ning'iniza mfuko wa mchanga katikati ya stendi na usiinyooshe miguu yote. Kusi ya Paje huangusha hata stendi nzito.

Ukitoka baharini, izamishe GoPro ikiwa imefungwa kwenye ndoo ya maji baridi ya bomba kama dakika kumi, kisha uifute kabla hujafungua mlango wowote. Simu usiizamishe, ipitishie kitambaa chenye unyevu wa maji hayo hayo. Lenzi ifute kwa kitambaa laini, usitumie kanga yenye mchanga. Na simu ikilowa, mchele hausaidii. Unaacha vumbi tu kwenye tundu la chaji. Izime, uiache mbele ya feni, na usiichomeke umeme mpaka kesho yake.

19. Simu imeandika imepata joto na imezima programu ya kamera. Imekufa?

Imechoka. Slomo inaichosha kuliko video ya kawaida, na ukiiweka juani kwenye mchanga inapikwa juu na chini. Vua kava, itie kivulini dakika kumi na tano. Usiitie kwenye kisanduku cha barafu cha muuza juisi. Nimemwona mtu akifanya hivyo pale Forodhani: lenzi ilijaa ukungu kwa ndani, na makachu wa mwisho wa jioni ile akaruka bila kupigwa.